Kumtafuta mwandishi wa zamani na wajukuu zake, hapa hapa Dar

Mpwa wangu anasoma historia. Alihangaika miezi miwili kutafuta ukoo wa bwana mmoja aliyewahi kuandika Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923. Tulipokaa pamoja, kosa lilionekana siku ya kwanza.

1. Gazeti kwanza. Usiishie kwenye makala zake. Soma tanzia, barua za wasomaji na hasa mashairi, maana beti ya mwisho mara nyingi humtaja mtunzi na kwao.

2. Nyaraka za Taifa, Upanga. Shughulikia kibali mapema. Nenda na penseli.

3. Jina. Hapa ndipo tulipokwama. Mpwa wangu alikuwa na jina moja, lile la gazetini. Mtu wa Dar wa enzi zile alikuwa nayo manne: la ubatizo au la chuoni (madrasa), la baba, la babu, na la mtaani. Ukifika kwenye karatasi za Wajerumani, kabla ya 1916, Yusuf ni Jusuf, Juma ni Djuma, Shabani ni Schabani. Andika kila namna unayoiwazia kwenye ukurasa mmoja wa daftari (daftari, si simu, simu huisha chaji ukiwa katikati ya faili). Cheti cha kuzaliwa usikitegemee, wengi wa kizazi kile hawakusajiliwa. Kama alikuwa Mkristo, ulizia vitabu vya ubatizo vya kanisa lake. Kama alikuwa Mwislamu, ulizia majalada ya mirathi mahakamani. Na mitaa nayo ilibadilishwa majina: Kichwele leo ni Uhuru, New Street ni Lumumba. Anwani ya 1938 usiitafute kwenye ramani ya leo.

Sisi jina halikutufikisha popote. Kilichotuvusha ni mtaa. Mzee mmoja Kariakoo, kikombe cha kahawa mkononi, alisikiliza majina yetu yote akatikisa kichwa. Tulipotaja nyumba ilikokuwa, akacheka: "Aa, yule wa baiskeli! Mngesema tangu mwanzo."

4. Nyumbani kwa watu. Familia nyingi za Kariakoo zimehamia Temeke, Mbagala, Gongo la Mboto. Nyumba za zamani zimekuwa maghorofa. Basi piga hodi, toa shikamoo, kaa, jieleze ukoo wako. Neno "nyumba" au "kiwanja" lisikutoke siku ya kwanza. Mimi liliponiponyoka nilidhaniwa dalali, na mlango ule haukufunguliwa tena. Uliza kwanza bibi, mashangazi na mawifi. Wao ndio wanaojua nani alimwoa nani. Wanaume watakupa vyeo tu.

5. Picha. Ikitolewa kwenye sanduku, usiiazime. Ipige papo hapo karibu na dirisha, mbele na nyuma, kisha mwombe bibi ataje watu kuanzia kushoto, nawe uandike hapo hapo. Wa tatu kwenye ile yetu, mwenye tarbushi, hatukumwandika, na sasa kila mtu ana jibu lake.