Kupiga hesabu ya mbwa au paka kabla hajafika nyumbani

Hata mnyama wa kupewa bure anakula kila siku, na paka wa ndani anaweza kuishi miaka 15 na zaidi. Chukua karatasi uigawe safu nne: gharama za mara moja, za mwezi, za mwaka, na dharura.

Anza na mwezi, maana chakula kinapimika. Mbwa mzima wa kilo 10, aliyehasiwa na asiye na kazi nzito, huhitaji nguvu ya takriban kilokalori 630 kwa siku. Soma ubavuni mwa mfuko wa chakula kikavu uone kila kilo ina nguvu kiasi gani. Ukikuta kilokalori 3,500, mpe gramu 180 kwa siku, yaani kilo 5.4 kwa mwezi. Mbwa wa kilo 30 hali mara tatu ya hapo. Zinamtosha gramu 410 hivi, kama kilo 12 kwa mwezi. Paka wa kilo 4 humaliza karibu kilo 2.

Pima kwa mzani wa jikoni. Kikombe hudanganya, kwa sababu mkono mmoja hukijaza hadi kwenye mstari na mwingine hukijaza kwa kilima. Gramu 20 za ziada kila siku ni kilo 7.3 kwa mwaka, na zote zinaishia kwenye unene wa mnyama.

Mfuko mkubwa una bei nafuu kwa kilo, ila ukishafunguliwa mafuta ya chakula huanza kuchacha. Nunua kinachoisha ndani ya wiki 6. Kwa paka mmoja, mfuko wa kilo 10 ni wa miezi 5. Ule unafuu utaishia jalalani.

Kwenye safu hiyohiyo weka mchanga wa choo cha paka na dawa ya kupe na viroboto. Dawa hii huuzwa kwa viwango vya uzito, kwa hiyo mpime mnyama kabla ya kununua. Wanyama wote wa nyumba moja wapewe siku moja, kila mmoja dawa yake, na mikeka ifuliwe, kwani mayai ya viroboto huangukia humo. Ukimtibu mmoja tu utanunua tena baada ya wiki chache. Kamwe usimgawie paka dawa ya mbwa ili kubana matumizi: yenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, humuua.

Mwaka wa kwanza ndio mzito. Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Akija kwako na wiki 8, andika safari tatu za kwa daktari wa mifugo: wiki ya 8, ya 12 na ya 16, pamoja na dawa za minyoo. Piga simu kabla, uulize: "Bei hiyo ni pamoja na ada ya kumwona daktari?" Wengi hukosea hapo, wakaandika bei ya sindano peke yake. Kuhasi nako kuulizwe kwa uzito atakaofikia ukubwani. Jike asiyefungwa kizazi anaweza kupata usaha kwenye mji wa mimba, na upasuaji wa dharura huwa ghali kuliko ule wa kupanga.

Chanjo za kurudia, uchunguzi na malazi yake ukisafiri ni vya mwaka. Jumlisha, gawanya kwa 12, uweke kando kila mwezi.

Kima cha dharura usikikisie. Muulize daktari gharama ya kumtoa mbwa soksi iliyokwama tumboni, na siku 2 za kulazwa. Hilo ndilo lengo la akiba yako. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka hasubiri mshahara, anatibiwa siku hiyohiyo. Bima husaidia, lakini kwa kawaida hailipii ugonjwa aliokuwa nao kabla, na mara nyingi utatanguliza fedha zako ndipo urejeshewe.

Risiti zote tia kwenye bahasha moja. Baada ya miezi 3 linganisha na karatasi, mpime mnyama upya, usahihishe safu ya chakula.