Ukipewa zamu ya kusoma neno ibadani, fanya hivi

Wengi tukiitwa kusoma ndo tunaanza kupekua Biblia pale pale mbele, tunakimbiza mistari miwili mitatu ili mhubiri aanze. Sinagogini haikuwa hivyo jamani, kule inasomwa Torati, wanasoma manabii, ndo mtu anapewa nafasi ya kuongea, cheki Matendo 13:15, hata Paulo alikaa kwanza akasikiliza.

Fungu lako litafute nyumbani. Kwenye Luka 4 Yesu anapewa chuo cha Isaya, na chuo si kitabu cha kurasa, ni ngozi ndefu iliyoviringishwa, kile cha Isaya kilichopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, 1947 kina zaidi ya mita 7, na sura ya 61 aliyosoma Yesu iko huko karibu na mwisho, sasa hapo kama hujui unakoenda utaviringisha mpaka watu wasinzie.

Ukisimama, soma kwa sauti na taratibu. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema Torati ikisomwa kwa Kiebrania msomaji asimpe mkalimani zaidi ya mstari mmoja kwa wakati, manabii ruksa mpaka mitatu. Wewe huna mkalimani ila huo mwendo uige, mwisho wa kila wazo nyamaza kidogo, watu wameze.

Halafu usichomeke maneno yako katikati!! Hili ndo kosa kubwa naona. Yesu alisoma amesimama, akafunga chuo, akamrudishia mtumishi, akaketi, ndo akafundisha. Ukichanganya, msikilizaji atajuaje lipi la Isaya na lipi lako?

Pa kuishia pia papange. Yesu aliishia "mwaka wa Bwana uliokubaliwa", wakati kwa Isaya sentensi inaendelea na "siku ya kisasi cha Mungu wetu", hiyo hakuisoma, alafu akasema leo maandiko haya yametimia. Ndo maana sisi Wakristo Agano la Kale haturuki, tunalisoma tukijua lilikuwa linamngoja nani, kwa hiyo ukiweza soma fungu la nabii kisha la Injili siku hiyo hiyo, Justin, mwandishi Mkristo kule Roma karne ya 2, anaeleza Jumapili walisoma kumbukumbu za mitume (yaani Injili) au maandiko ya manabii kwa kadiri muda ulivyoruhusu.

Ukimaliza funga Biblia, usikimbilie kiti. Hesabu mpaka tano kimoyomoyo ndo ushuke.