Unataka kumpa mtu GPS yako ya zamani ya gari? Fanya hivi kwanza

Juzi napekua droo nikakuta Garmin nuvi yangu, ile niliyoletewa na kaka kutoka Uingereza enzi hizo, imejaa vumbi. Simu ndo imeichukulia kazi yote. Ila mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kaanza kuendesha Canter ya mzigo, anatoka Dar anaenda Mwanza mpaka Geita, na simu yake ni zile zinazozima zenyewe chaji ikiwa bado asilimia 30, nikasema basi hii itamfaa yeye, haitaki bando, haitaki laini, inasoma setelaiti tu. Nikajua ni kazi ya dakika kumi. Imenila jioni mbili, kwa hiyo naandika nilivyofanya ili wewe ikule moja.

Haya ni ya nuvi, zile za kubandika kwenye kioo. Kama una ile redio ya kwenye dashibodi iliyokuja na gari kutoka Japani inayodai kadi na imejaa Kijapani, pole sana, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Hatua ya 1: Angalia kama inafaa kumpa mtu

Igeuze, tazama mgongo wake na pembeni. Kama kava limeanza kuachia au skrini imeinuka kidogo, betri imevimba, usimpe mtu na usiichaji. Hizi betri ni lithiamu na dashibodi ya gari lililopaki juani Dar unaijua joto lake. Mwaka 2010 Garmin wenyewe waliwahi kuziita nuvi kama milioni 1.25 zirudishwe kwa ajili ya betri kupata joto kupita kiasi, kwa hiyo siyo utani. Ila kama betri imechoka tu haikai na chaji, hiyo siyo shida, itaishi kwenye chaja ya gari.

Alafu iwashe NJE. Siyo sebuleni, siyo chini ya bati, nje kabisa panapoonekana anga. Mi niliiweka juu ya boneti nikaenda kunywa chai. Kifaa kilicholala muda mrefu kimesahau setelaiti ziko wapi, na ile orodha nzima ya setelaiti inachukua dakika 12 na nusu kuingia yote, kwa hiyo usiipige-pige makofi baada ya dakika mbili ukasema imekufa. Ikikamata mahali ulipo lakini tarehe ni ya karibu miaka 20 nyuma, usishtuke, GPS inahesabu wiki mpaka 1,024 inaanza tena sifuri, na mara ya mwisho ilianza upya Aprili 2019. Programu ya zamani ndo inachanganyikiwa hapo. Tutakuja kuiapdeti.

Hatua ya 2: Nakili kila kitu kwenye kompyuta

Unahitaji waya wa USB wa kawaida, nyingi ni ule mdomo wa mini, wa zamani kidogo, siyo wa simu za sasa. Waya wa chaja ya gari hautafanya kazi hii. Ukichomeka vizuri skrini inaonyesha picha ya kifaa kimeunganishwa na kompyuta, na kwenye kompyuta kinatokea kama fleshi. Ruhusu kuona mafaili yaliyofichwa, alafu nakili YOTE, folda zote, uweke kwenye folda moja uipe jina na tarehe.

Nasisitiza kwa sababu nuvi yangu ya kwanza kabisa niliiua mwenyewe. Nafasi ilijaa, nikaona faili kubwa linaitwa gmapprom.img, nikalifuta nikijua ni takataka. Kumbe ndo ramani yenyewe. Sikuwa na nakala. Na gmapbmap.img nalo usiliguse, ndo ramani ya msingi, na usije ukaformati kifaa kama unavyoformati fleshi, hapo utakuwa umemaliza.

Ukimaliza usichomoe tu waya. Bofya kuachia (Eject) kwanza, subiri, ndo uchomoe.

Hatua ya 3: Apdeti programu

Daunlodi Garmin Express kutoka kwenye tovuti ya Garmin, ipo ya Windows na ya Mac, chomeka kifaa, ikitambue. Itakuambia kuna apdeti gani. Ya programu ni ndogo, weka. Ya ramani hapo ndo uangalie: kama kifaa chako mgongoni au kwenye boksi kimeandikwa LM au LMT basi kilikuja na apdeti za ramani za bure za maisha ya kifaa, kama hakina herufi hizo utaambiwa ununue. Na ya kwangu ilitoka Uingereza, kwa hiyo hata hiyo ya bure ni ya Ulaya! Ni GB kadhaa za bando la usiku ili ujue njia za Birmingham. Nikaruka.

Ndo maana vifaa vingi vya kuletewa vikifika bongo watu wanasema havifanyi kazi. Vinafanya, ila vinaonyesha ile ramani ya msingi tu, barabara kuu mbili tatu na gari lako linaelea kwenye uwanja mtupu.

Usipoteze muda kunakili ramani ya kununua kutoka kadi ya rafiki, imefungwa kwa kifaa chake au kwa kadi yenyewe, haitafunguka kwako.

Hatua ya 4: Weka ramani ya Tanzania ya bure

Hapa ndo kwenye utamu. OpenStreetMap ni ramani inayochorwa na watu wenyewe tangu 2004, data yake ni huru kutumia na kugawa. Na kwetu haiko vibaya hata kidogo, Dar hasa, kwa sababu ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka mtaa kwa mtaa kuchora kwa ajili ya mambo ya mafuriko, matokeo yake uchochoro wa Tandale upo kwenye ramani.

Nenda garmin.openstreetmap.nl, chagua Afrika, chagua Tanzania, chukua ile iliyoandikwa gmapsupp (kama anavuka kwenda Kenya au Rwanda weka na hizo kwenye chaguo lako hilohilo). Kuna na tovuti ya BBBike nayo inakata eneo unalotaka ikakuandalia ya Garmin. Ukifungua zipu unapata faili linaitwa gmapsupp.img.

Usiliweke ndani ya kifaa, liweke kwenye memori kadi. Kadi ya 4GB inatosha, usinunue kubwa, hizi nuvi za zamani kadi kubwa sana zinaikataa. Iformati kwa mfumo wa FAT32, tengeneza folda uiite Garmin, ndani yake weka gmapsupp.img, jina lisibadilike hata herufi moja. Chomeka kadi, washa.

Sasa ingia Tools, Settings, Map, Map Info (nyingine ni Map & Vehicle alafu myMaps). Utaona orodha ya ramani zilizopo. Weka tiki kwenye ya OSM (ndo hiyo OpenStreetMap), toa tiki kwenye ile ya Ulaya. Ukiacha zote mbili kifaa kinajichanganya, mi kilikuwa kinaonyesha mtaa alafu ukisogeza karibu mtaa unapotea.

Utajuaje ramani ni mpya? Tafuta kitu unachokijua kilijengwa juzijuzi. Ya kwangu ya zamani ilikuwa haijui hata daraja la Kigamboni la 2016. Na kwa njia ya dogo kipimo ni Kigongo–Busisi: daraja limefunguliwa 2025, kilomita 3 hivi juu ya ziwa, ramani ya kabla ya hapo inampeleka moja kwa moja kwenye foleni ya kivuko. Sogeza ramani mpaka pale Mwanza uone kama mstari wa barabara unavuka maji au unaishia ufukweni.

Hatua ya 5: Ijaribu barabarani, KABLA ya kufuta vitu vyako

Mpangilio huu una sababu. Nilianza kwa kufuta, nikapanga mipangilio vizuri, alafu nikazunguka nayo Mbezi kuijaribu, nikarudi nikakuta mizunguko yangu yote imejirekodi upya mpaka getini. Nikafuta tena, na kufuta kukarudisha mipangilio yote mwanzo. Jioni ya kwanza ndo ilivyoisha.

Kwa hiyo: ramani, jaribu, futa, ndo upange.

Hatua ya 6: Futa maisha yako humo ndani

Watu wengi wanaruka hapa. Kuna siku nilinunua nuvi ya mtumba Kariakoo, nilitaka kishikio chake tu, nikaiwasha kwa udadisi. Nikabonyeza Go Home. Ikaanza kunitafutia njia ya kwenda nyumba fulani Uingereza, mtaa na namba ya nyumba. Kwenye Favorites kuna "Mum", kuna daktari wa meno, na kwenye ramani kuna mstari wa bluu mnene wa kila siku anapotoka na anapoenda. Simjui yule mtu lakini najua anafanya kazi wapi na anapita njia gani. Sasa fikiria yako wewe, na dogo naye kesho akiiuza kwa mtu usiyemjua.

Kwanza zima Garmin Lock kama uliiweka, ile namba ya siri ya tarakimu nne, la sivyo mwenzio atapewa tofali. Alafu zima kifaa. Weka kidole kwenye kona ya chini kulia ya skrini, ukandamize, washa ukiwa bado umekandamiza, shikilia mpaka itokee swali kama kweli unataka kufuta data zote za mtumiaji. Jibu ndiyo.

Usiamini hapo tu. Rudisha kwenye kompyuta, fungua folda ya Garmin, ndani kuna folda GPX. Current.gpx ndo hukaa sehemu ulizohifadhi na njia ulizopita, na kukiwa na folda ya Archive ndani yake kuna safari za zamani. Nilikuta bado za zamani zipo. Futa. Angalia na kadi kama kuna picha au miziki. Mwisho kabisa kitoe kifaa kwenye Garmin Express na kwenye akaunti yako ili mwenzio akisajili kwa jina lake.

Hatua ya 7: Panga kwa ajili ya anayepokea

Rudisha kilomita badala ya maili. Alafu ingia Avoidances (vitu vya kukwepa njiani), toa tiki kwenye Unpaved Roads. Mtu wa mzigo anayekwepa barabara za vumbi Tanzania atazungushwa mikoa mitatu.

Kutafuta kwa namba ya nyumba sahau, mfundishe koordineti. Na hapa mfundishe ukiwa umekaa naye, mara mbili. Simu inatoa namba kama -2.5164, 32.9175, hiyo ni Mwanza mjini. Kifaa chenyewe kinataka digrii na dakika, yaani S 2° 30.984', kwa sababu ile .5164 unaizidisha mara 60. Mtu akiandika 2° 51.64' kwa kuhamisha tarakimu tu anajikuta kilomita 38 hivi kusini. Au badilisha fomati iwe ya desimali yaishe. La pili ni ile N na S: vifaa vya Ulaya vimezoea N. Mwanza ukiiacha na N unapelekwa kaskazini ya Lira, Uganda, na kifaa hakitakuuliza, kitakwambia tu geuza gari.

Mpe na chaja ya gari na kishikio, kile kimpira lowanisha kidogo kabla ya kubandika kitashika. Ile ya Home aweke mwenyewe, ila mwambie asiweke getini kwake. Mi huwa naweka sheli ya karibu na nyumbani, kutoka hapo njia naijua.