Somo: Kuchora mstari mrefu wa vistari bila simu kuganda

Chukua mpaka wa Tanzania na Kenya. Kutoka Ziwa Victoria hadi jirani na Kilimanjaro umenyooka kama uliopigwa rula, kwa hiyo kwenye programu yangu niliuhifadhi kwa nukta mbili tu. Sasa ikuze ramani hadi zumu ya 18. Kwa vigae (picha za mraba zinazounganishwa kuwa ramani) vya pikseli 256 kila upande, dunia nzima inakuwa na upana wa pikseli 67,108,864, na kipande hicho, kinachopita zaidi ya nyuzi 3 za longitudo, kinazidi pikseli 559,000. Ukikichora kwa vistari vya pikseli 6 na mapengo ya 4, ni vistari zaidi ya 55,000. Skrini ya 1,920 kwa 1,080, hata ukipima kona kwa kona, inabeba kama 220 tu.

Nilihangaika wiki nzima nikidhani simu ni mbovu. Kumbe injini ya kuchora ilikuwa inaupasua mstari wote kuwa vistari, ndipo iangalie kipi kimo ndani ya dirisha, yaani sehemu ya ramani inayoonekana kwenye skrini. Dawa ni kugeuza mpangilio: kata kwanza, pasua baadaye.

Hatua ya 1: Panua dirisha kidogo. Mstari una unene. Ukikata pembeni kabisa mwa skrini, ncha iliyokatwa itaonekana. Ongeza nusu ya unene kila upande, na kama mstari una kona zenye ncha kali, zidisha nusu hiyo kwa kikomo cha ncha, yaani `miterLimit`, kinachosema ncha ya kona iruhusiwe kuchomoza kiasi gani (kwenye kanvasi ya kivinjari ni 10 usipokibadilisha).

Hatua ya 2: Tafuta sehemu inayoonekana. Mimi hutumia njia ya Liang na Barsky ya mwaka 1984. Mstari unahesabiwa kutoka 0 mwanzoni hadi 1 mwishoni. Sehemu inayoonekana ni kutoka `t0` hadi `t1`; anza na `t0` ikiwa 0 na `t1` ikiwa 1. Kwa kila ukingo wa dirisha, uliza: hapa mstari unaingia au unatoka? Ukiingia, `t0` inapanda. Ukitoka, `t1` inashuka. `t0` ikiipita `t1`, mstari hauonekani, achana nao.

Hatua ya 3: Kumbuka ulichoruka. Hapa ndipo wengi wanakosea, nami nilikosea. Ukianza kistari kipya pale ulipokata, picha moja itaonekana safi. Lakini mtumiaji akisogeza ramani, pa kukatia panahama, na vistari vinaanza kutambaa juu ya mpaka kama siafu. Mpaka hautembei! Kwa hiyo pima umbali ulioruka, ugawe kwa jumla ya kistari na pengo, uchukue kinachobaki, yaani masalio (`x0` na `y0` ni mwanzo wa mstari, `dx` na `dy` ni umbali wa kutoka hapo hadi mwisho wake, `urefu` ni urefu wake wote):

```
const mzunguko = 6 + 4;
const umeruka = t0 * urefu;
ctx.setLineDash([6, 4]);
ctx.lineDashOffset = umeruka % mzunguko;
ctx.beginPath();
ctx.moveTo(x0 + t0 * dx, y0 + t0 * dy);
ctx.lineTo(x0 + t1 * dx, y0 + t1 * dy);
ctx.stroke();
```

Hatua ya 4: Mstari wenye vipande vingi. Beba jumla ya urefu kutoka kipande hadi kipande, hata kwa vile usivyovichora. Vipande vinavyoonekana na kugusana viache kwenye njia moja ya kuchora (`beginPath` moja) ili kona ziungane vizuri. Mstari ukitoka dirishani na kurudi, fungua njia mpya na uhesabu upya masalio.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Mimi nachora mipaka ya mashamba, yaani maumbo yaliyofungwa. Nimeyakata kwa njia ya Sutherland na Hodgman, lakini naona vistari vimejipanga pembeni mwa skrini ambako hakuna mpaka wowote. Tatizo nini?

Jibu: Njia hiyo, ndugu yangu, hulifunga umbo upya kwa kufuata kingo za dirisha. Kwa kupaka rangi ndani ya shamba inafaa sana, iache hapo hapo. Mzingo ushughulikie peke yake, upande mmoja mmoja, kama hatua ya 4. Na usisahau upande wa mwisho unaorudi kwenye nukta ya kwanza.

Swali: Na duara kubwa, tuseme la eneo linalofikiwa na mnara wa simu?

Jibu: Usiligeuze kuwa nukta maelfu. Tafuta pembe ambazo duara linakatana na kingo za dirisha, kisha chora tao lililo ndani ya dirisha tu. Urefu ulioruka ni nusu kipenyo mara pembe kwa radiani, ukipima kuelekea upande ule ule unaochorea.

Swali: Nimefuata yote, kaka, ila nikikuza sana vistari vinatetemeka. Natumia namba za desimali za biti 32.

Jibu: Hizo ndizo zinazokuponza. Biti 32 zinashika namba kamili zote hadi 16,777,216 tu. Mpaka wetu, karibu na nyuzi 34 Mashariki, upo kwenye pikseli ya milioni 39 na ushei, ambako namba hizo zinaruka 4 kwa 4. Kistari chako ni 6! Fanya hesabu ya kukata na masalio kwa biti 64, kwenye kila nukta fanya kutoa: nukta kasoro kona ya dirisha, ndipo uzipeleke kwenye kadi ya picha zikiwa ndogo.