Somo: Kuchagua vilengeo vya chuma kwa bunduki ya leva ya kuwindia

Wadau, msimu wa kulungu kwa bunduki hapa Pennsylvania hufunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving (sikukuu ya Marekani ya Novemba), na wiki chache kabla yake swali huwa lilelile: "Mkuu, nalenga nimetulia kabisa lakini risasi zinatapanyika, ninunue darubini?" Mara nyingi kosa haliko kwenye bunduki wala kwenye mkono. Liko kwenye vilengeo vya kiwandani: nyuma kibati chenye pembe mbili zilizojikunja kama za ng'ombe wa Ankole, mbele ushanga mdogo wa shaba uliojificha ndani ya kofia ya chuma.

Nazungumzia bunduki za leva, zile unazosukuma kipete cha chini kwa vidole ganda likatoka na risasi mpya ikaingia: Winchester 94, Marlin 336 na jamaa zao, hasa zinazotumia risasi ya aina ya .30-30. Msimamo wangu nautoa mapema: anza na kilengeo cha mbele, cha nyuma kiwe cha tundu (kibati chenye tundu la kutazamia), darubini isubiri.

Kabla ya lolote, toa risasi zote. Fungua leva, ingiza kidole chemba, kisha kagua bomba lililo chini ya mtutu, maana hilo huficha risasi ukadhani limekwisha. Risasi zenyewe zipeleke chumba kingine.

Hatua ya 1: Jua jicho lako linaweza nini

Kwa vilengeo vya kiwandani jicho linatakiwa kuona vitu vitatu kwa pamoja: mfuo wa nyuma (ule mwanya kati ya pembe mbili), ushanga wa mbele na mnyama. Haliwezi. Linachagua kimoja, viwili vinafifia, na ukishapita miaka 40 mfuo wa nyuma unageuka ukungu mtupu.

Fanya jaribio hili. Chukua kipande cha karatasi ngumu, toboa kwa sindano, sogeza karibu na jicho, kisha tazama maandishi ya mbali ambayo kwa kawaida yanakupa shida. Yanakaa vizuri, ingawa giza limeongezeka kidogo. Kilengeo cha tundu kinafanya kazi hiyohiyo: kinapunguza miale inayoingia jichoni, na vitu vya karibu na vya mbali vinaonekana wazi kwa pamoja. Isitoshe, jicho lenyewe hutafuta katikati ya tundu bila kuambiwa. Kazi yako inabaki kuweka kilengeo cha mbele juu ya mnyama.

Hatua ya 2: Kilengeo cha mbele

Hapa ndipo wengi wanaruka, wananunua cha nyuma cha bei kali na kuacha ushanga wa zamani mbele. Tupige hesabu. Kwenye bunduki ya mtutu wa inchi 20, kilengeo cha mbele kiko kama inchi 30 kutoka jichoni. Ushanga wenye upana wa 1/16 ya inchi unafunika inchi 7.5 za shabaha kwenye yadi 100. Ule mnene wa 3/32 unafunika zaidi ya inchi 11, na sehemu ya kifua cha kulungu unayotaka kupiga haizidi sana hapo. Kwa maneno mengine, unachokilenga umekiziba mwenyewe.

Kuna balaa la pili. Ushanga wa shaba unaong'aa hushika jua upande mmoja. Jua likiwa kushoto, upande wa kushoto unawaka, jicho linadhani pale ndipo katikati, na risasi inakwenda kulia. Mtu anasogeza kilengeo cha nyuma asubuhi, jioni jua limehama, anaanza upya.

Ninachopendekeza ni kijiti bapa chenye kichwa kilichonyooka, uso wake ukimwelekea mpigaji, kikiwa na mstari mweupe katikati. Unaweka ukingo wa juu pale unapotaka risasi iingie, na hakuna kubahatisha kama ni katikati ya ushanga au juu yake. Vile vya uzi wa plastiki unaowaka, chagua kijani. Msituni alfajiri vinasaidia kweli, ila jua kali likivipiga vinatawanya mwanga na kuonekana vinene kuliko vilivyo, na uzi wenyewe hukatika ukigonga tawi. Kwangu mstari mweupe unatosha.

Hatua ya 3: Cha nyuma kiwe cha tundu

Aina ni mbili kuu. Ya kwanza hufungwa juu au ubavuni mwa mwili wa chuma wa bunduki: Skinner, XS na Williams ndizo utakazokutana nazo zaidi madukani. Ya pili hufungwa nyuma kabisa, pale kitako kinapoanzia: Marble's na Lyman wametengeneza hizi kwa miaka mingi. Hii ya pili inapendeza machoni na huongeza umbali kati ya vilengeo, lakini inakaa karibu mno na jicho. Kwenye .30-30 utavumilia. Kwenye bunduki ya .45-70, yenye risasi nzito, teke lake la kurudi nyuma litakuachia alama usoni.

Faida ya umbali huo si maneno. Vilengeo vikiwa inchi 16 kati yao, kosa la 0.01 ya inchi katika kuvipanga linakuwa inchi 2.25 kwenye yadi 100. Vikiwa inchi 24, kosa hilohilo linakuwa inchi 1.5.

Tundu liwe kubwa na ukingo wake mwembamba. Tundu dogo ni la kushindania karatasi mchana kweupe; kulungu anatoka kichakani magharibi, na ukitazama kwenye tundu dogo saa hiyo huoni kitu. Vilengeo vingi huja na kipande cha kati cha kufungulia kwa skrubu. Kiondoe siku ya kuwinda, kirudishe uwanjani. Theluji au mvua ikiziba, puliza tu.

Mwenye Winchester 94 iliyotengenezwa kabla ya 1964, na haina matundu ya skrubu: usiitoboe! Wakusanyaji hulipa fedha nzuri kwa bunduki ambayo haijaguswa, na tundu moja linaondoa thamani ambayo hutairudisha.

Hatua ya 4: Kimo

Kilengeo cha tundu mara nyingi hukaa juu kuliko kile cha zamani, kwa hiyo cha mbele nacho kinahitaji kurefuka. Hesabu ni nyepesi: zidisha kosa kwenye shabaha kwa umbali kati ya vilengeo, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa inchi. Mfano: unapiga inchi 4 juu kwenye yadi 100 (inchi 3,600) na vilengeo viko inchi 24 kati yao. 4 × 24 ÷ 3,600 ni takriban 0.027 ya inchi. Ukipiga juu, kilengeo cha mbele kiwe kirefu zaidi kwa kiasi hicho. Ukipiga chini, kipunguzwe. Nunua kirefu, kisha punguza kwa tupa taratibu. Kilichokatwa hakirudi.

Hatua ya 5: Kufunga na kuzero (kurekebisha vilengeo mpaka risasi iingie unapolenga)

Vilengeo vilivyochomekwa kwenye mkato uliochongwa juu ya mtutu hutolewa kwa kugonga kutoka kushoto kwenda kulia, ukiwa umeshika bunduki kama mpigaji, na huingizwa kutoka kulia. Tumia kipande cha shaba au nailoni, si msumari. Safisha mafuta kwenye skrubu, tia tone dogo la gundi ya skrubu. Mkato wa nyuma ulioachwa wazi uzibwe kwa kipande chake maalumu, usikusanye maji.

Uwanjani anza yadi 25, ukiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga. Kilengeo cha nyuma kisogeze kule unakotaka risasi iende. Cha mbele kinyume chake. Ukihamia yadi 100, .30-30 ya kawaida ikipiga kama inchi 2 juu itakuwa katikati kwenye yadi 150 hivi, na msituni huku hutahitaji zaidi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Ohio: Mkuu, kwa nini nisiweke darubini tu nikapumzika?

Jibu: Ukiwa na Marlin unaweza, ganda linatoka ubavuni. Winchester za zamani hulirusha juu moja kwa moja, pale darubini inapotaka kukaa. Tena bunduki ya leva hubebwa kwa mkono mmoja, ukiishika pale uzito wake unapolingana, na ukiweka darubini hapo mkono unakosa pa kukaa. Kama unawinda kwenye mashamba ya wazi, yadi 200 na kuendelea, nunua darubini, sitabishana.

Mdau wa Texas: Shikamoo mzee. Mimi natumia miwani ya kusomea. Niivae?

Jibu: Marahaba. Ya kusomea ni kali mno, mnyama utamwona kama moshi. Mwambie mtaalamu wa macho unataka kuona vizuri kitu kilicho inchi 30 mbele. Wapigaji wengi huishia na lenzi ya nguvu ndogo, +0.50 au +0.75. Lakini jaribu tundu kwanza, huenda usihitaji.

Mdau wa Minnesota: Kaka, nina viza ya mwanafunzi. Naruhusiwa kushika hiyo bunduki?

Jibu: Sheria ya shirikisho inawazuia wenye viza za muda, isipokuwa kwa masharti machache. Mojawapo ni kuwa na leseni ya uwindaji iliyo hai, iliyotolewa na jimbo la Marekani. Ikiisha muda, ruhusa nayo imekwisha. Muulize wakili kabla ya kugusa, maana hapa unachezea viza yako.

Mdau wa Nairobi: Nikirudi nayo nyumbani nitawindia wapi?

Jibu: Kenya hakuna, uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku 1977. Tanzania upo kwa vibali, lakini kwa nyati .30-30 ni ndogo. Kule wawindaji wa kulipwa hubeba bunduki za risasi nene, .375 na kupanda juu, na vilengeo vya bunduki zao ni mfuo mpana usio na kina nyuma na ushanga mkubwa mbele, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa hupigwa akiwa hatua chache tu.