Kumchora mtoto kwa rangi za mafuta bila kumzeesha

Sura ya mtoto huharibika kwenye vipimo, kabla rangi hazijafunguliwa. Macho ya mtu mzima hukaa katikati ya utosi na kidevu. Ya mtoto wa miaka 4 au 5 huwa chini zaidi: ukichora kichwa cha sentimita 16, yashushe kama sentimita 1 kutoka katikati. Paji liwe kubwa, pua fupi, taya dogo. Mboni zichore kubwa, maana jicho hukua mapema kuliko uso.

Mtoto hatulii, kwa hiyo mpige picha karibu na dirisha lisiloingiza jua kali, bila flashi. Simama umbali wa mita 2 na ushushe kamera hadi usawa wa macho yake. Ukimsogelea mno, pua itavimba. Ukimpiga kutoka juu, kidevu kitapotea.

Kanvasi ya sentimita 40 kwa 50 inatosha. Ipake amba (rangi ya hudhurungi ya udongo) iliyoyeyushwa kwa tapentaini, ifute kwa kitambaa ibaki hudhurungi nyepesi, iache ikauke, kisha chora kwa amba hiyohiyo.

Kwa mtoto wa maji ya kunde, msingi ni siena iliyochomwa (hudhurungi yenye wekundu) na oka ya njano (njano ya udongo). Kivuli ni amba, bluu ya ultramarini na nyekundu kidogo ya alizarini. Usikimbilie nyeupe kung'arisha: ngozi itapauka kama iliyokosa mafuta. Anza kwa kuongeza oka. Nyeupe yenye bluu kidogo iweke tu pale mwanga unapogonga paji na ncha ya pua. Weupe wa jicho nao utie kijivu, la sivyo mtoto ataonekana ameshtuka.

Adui mkubwa ni mistari. Mstari mmoja mkali kutoka puani hadi pembe ya mdomo humzeesha papo hapo. Shavu lijenge kwa mabadiliko madogo ya rangi, ulainishe mipaka kwa brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi. Meno usiyatenganishe mojamoja.

Tabaka la kwanza liwe na tapentaini zaidi. Yanayofuata, ongeza mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) kidogo kidogo. Ukigeuza utaratibu huo, la juu hukauka kabla ya la chini na picha hupasuka. Vanishi isubiri angalau miezi 6.

Vitambaa vyenye linsidi usivirundike: hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje, kimoja kimoja, hadi vikauke na kukakamaa.