Kabla hujaenda Amalfi, panga kwanza utarudi vipi

Amalfi, mji wa pwani ya kusini mwa Italia, haina treni. Wengi hutua Napoli wakidhani watashuka stesheni ya Amalfi. Utashukia Salerno au Sorrento, kisha upande basi, au boti kama ni msimu wake. Boti kutoka Salerno huchukua kama dakika 35. Majira ya baridi tegemea basi tu.

Vaa raba zinazoshika chini. Mji wote ni ngazi, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Andrea peke yake lina ngazi 62 mpaka mlangoni. Beba kitambaa cha kufunika mabega ukiingia kanisani. Usiipite haraka ile milango ya shaba: ilitengenezwa Konstantinopoli karne ya 11, wakati Amalfi ikiwa dola ya wafanyabiashara wa baharini.

Tiketi ya basi inunue kabla, kwenye duka la tumbaku lenye alama ya T, na ukipanda igonge mhuri kwenye mashine. Gari la kukodi achana nalo. Barabara ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili bahari, na maegesho hupati.

Sasa suala la kurudi, na hapa nisikilize vizuri.

Agosti moja nilimtembeza mama mdogo, ambaye magoti yanamsumbua. Asubuhi bahari ilitulia kama maji ya mtungini. Tukapanda boti kutoka Amalfi kwenda Positano, mji mwingine wa pwani hiyo, tukala, tukakaa ufukweni. Tiketi za kurudi sikununua. Nilijiambia boti ziko nyingi. Saa tisa alasiri upepo ukaanza. Saa kumi dirisha la tiketi likabandikwa karatasi: bahari imechafuka, safari zimesitishwa. Umati wote wa ufukweni ukageukia njia za kupanda barabarani. Mama mdogo alipanda mkono ukutani, akipumzika kila baada ya ngazi kumi, hadi kituo cha Sponda. Basi la kwanza likapita bila kusimama, limejaa. La pili hivyohivyo. La tatu likashusha wawili, likachukua wawili, likaondoka. Jua likazama tumekaa kwenye ukingo wa barabara, magari yakitupita karibu na miguu. Mwishowe tukalipa teksi euro 90. Kesho yake goti lilikuwa limevimba, na mji wa Ravello, kwenye bustani za Villa Rufolo alizozitamani tangu nyumbani, hakufika. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilichokuwa sijui ni hiki. Basi la jioni kwenda Amalfi linaanzia Sorrento, kwa hiyo linafika Positano tayari lina watu. Linapita kwanza kituo cha Chiesa Nuova, juu kabisa, ndipo lije Sponda. Anayengoja Sponda anagombea nafasi zilizobaki. Kuna basi dogo la ndani ya mji linalopandisha watu hadi Chiesa Nuova. Panda hilo, lipe muda, na uwe kituoni kabla ya saa tisa alasiri. Asubuhi, kabla hujalipia boti, waulize dirishani bahari inatarajiwa kuwaje mchana. Wanajua, na ukiuliza watakwambia.

Ukitaka kutembea kwa miguu, Njia ya Miungu, ile ya mlimani juu ya bahari, ianzie kijiji cha Bomerano, umalizie kijiji cha Nocelle; ukianzia chini utakuwa unapanda mlima juani. Beba maji ya kutosha. Ukifika Nocelle usidanganyike na ngazi za kushukia baharini: ni zaidi ya 1,500, na kushuka ndiko kunakomaliza magoti. Kuna basi la kwenda Positano.

Mwenye mzee au mtoto mdogo aende Atrani, mji mdogo wa jirani. Ni mwendo wa kama robo saa kutoka Amalfi, una kiwanja chake na ufuko wake, na kurudi hutegemei boti wala basi.

Mengine ni ya kawaida. Kwenye treni ya Napoli kwenda Sorrento mkoba uwe kifuani. Mgahawani usishtuke kuona malipo ya kukalia meza, yameandikwa kwenye menyu, soma kabla ya kuagiza. Kofia. Sarafu za vyoo. Na dawa za mgonjwa wako zikae kwenye mkoba ulioubeba wewe. Za mama mdogo siku ile zilikuwa hotelini.